Asiyekumbuka Hana Hatia

"Hivi kwa nini Shija hakunipigia simu siku ile?"

Mzee Lugembe aliuliza huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Walikuwa wamekaa barazani, yeye na binti yake Kashinje, katika nyumba yao ya Capri Point, Mwanza. Mbele yao kulikuwa na viazi vitamu ambavyo hakuna aliyevigusa.

Kashinje alijua jibu. Shija alipiga simu. Alipiga, ikakatwa, akapiga tena, na safari ya pili sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Kashinje alikuwa ameisikia sauti hiyo kwa masikio ya baba yake. Alikuwa ameiona kwa macho ya baba yake ile meza ndefu ya mkutano, wabia wawili wakisubiri wakiwa na kalamu mkononi, na akahisi kifuani mwake mwenyewe jinsi mzee alivyoshusha pumzi kabla ya kusema, "Usitangaze kitu, Shija. Wageni wako hapa. Vumilia hadi jioni." Bwawa halikuvumilia hadi jioni.

"Labda mtandao ulikuwa mbaya, Baba," alisema.

"Labda." Mzee alijifuta macho kwa kiganja. "Angenipigia, ningesimamisha kila kitu. Ningetuma helikopta. Unajua hivyo, mayu?"

Mayu, yaani mama. Ndivyo akina baba wengi wa Kisukuma wanavyowaita binti zao wanapowabembeleza.

"Najua, Baba."

Na kilichomuumiza Kashinje ni kwamba hakuwa anadanganya. Mzee huyu aliyekuwa mbele yake, mwenye kulia mezani bila aibu, huenda kweli angetuma helikopta. Aliyeshindwa kutuma alikuwa Lugembe mwingine, na huyo sasa alikaa ndani ya kichwa cha Kashinje.

Lugembe Ng'wandu na wabia wake wawili walimiliki machimbo yote ya dhahabu ya ukanda wa Nyabwilima. Serikali iliwashtaki kwa rushwa na utakatishaji fedha. Ilidaiwa kwamba fedha zilizotengwa kukarabati bwawa la topesumu, lile tope lenye kemikali linalobaki baada ya dhahabu kukamuliwa, zilipelekwa ughaibuni kwa kampuni zisizo na ofisi wala mfanyakazi, kisha zikarudi nchini zikiwa safi, zimevaa sura ya hoteli na ndege. Mkaguzi aliyetakiwa kuliona bwawa alijengewa nyumba, naye akaandika kwamba bwawa ni zima. Masika ilipofika ukuta ulipasuka, na tope likashuka juu ya kambi ya wafanyakazi. Mhandisi wa bwawa alikuwa Shija, mtoto wa mwenye mgodi. Alifia huko pamoja na watu wake.

Zamani kesi kama hiyo ingeamuliwa kwa nyaraka. Lakini tangu mashine zilipoanza kutengeneza sauti, sahihi na sura ya mtu yeyote, mahakama ziliacha kuamini karatasi na picha. Badala yake lilikuja taji: utepe mwembamba wa chuma unaovalishwa kichwani. Mtu anaulizwa swali, na taji linasoma kama tukio hilo limo katika kumbukumbu yake au halimo. Ukinyamaza, linasoma. Ukidanganya, linasoma. Miaka ya mwanzo matajiri wengi walikwenda jela, na watu wakasema hatimaye haki imepata macho.

Kisha hospitali zikajifunza kuhamisha kumbukumbu. Nia ilikuwa njema. Askari aliyerudi vitani na mama aliyeona mtoto wake akigongwa waliweza kutolewa tukio moja lililowaua kila siku. Kashinje alikuwa mmoja wa madaktari wa kwanza nchini kuifanya kazi hiyo. Tatizo lilikuwa moja. Kumbukumbu iliyotolewa haikai kwenye chombo chochote. Hufa upesi kama samaki nje ya maji. Lazima iingie kwenye kichwa cha mtu aliye hai. Mtu huyo huitwa mpokezi. Sheria ilificha jina lake, na haikuruhusu avalishwe taji bila ridhaa yake. Matajiri hawakuchelewa kuiona njia hiyo.

"Ni mambo ya hesabu tu, mwanangu," mzee alimwambia baada ya matanga ya Shija. "Majina ya kampuni, mikutano, nani alipewa nini. Mgeni siwezi kumwamini. Umebaki wewe peke yako."

Ilikuwa kweli. Mapacha Kulwa na Doto walikufa wachanga. Akafuata Shija, kama desturi inavyomwita anayezaliwa baada ya mapacha, kisha Kashinje, kama desturi inavyomwita anayemfuata Shija. Alikuwa ametoka kumzika kaka yake, na hakuweza kukaa akisubiri baba yake naye achukuliwe. Akalala kwenye kitanda cha pili, mashine ikafanya kazi yake.

Lakini kumbukumbu haikatwi kwa mkasi. Hung'oka na mizizi yake. Majina ya kampuni yalikuja yakiwa yameshikamana na mikutano, mikutano ikashikamana na simu, na ndani ya simu alikuwemo Shija.

*

Wiki moja kabla ya kesi, mwanamke mmoja aliingia kwenye chumba cha Kashinje hospitalini. Alivaa kanga iliyopauka na viatu vya raba vya mgodini, vikubwa kuliko miguu yake. Alijitambulisha kuwa Holo, mjane wa Masele, aliyekuwa fundi wa pampu pale bwawani.

"Silali, daktari," alisema. "Walituita kwenda kutambua maiti. Nilimtambua kwa mkono. Sehemu nyingine… basi, ulikuwa mkono. Kila nikifumba macho nauona."

"Naweza kukutolea tukio hilo, Mama. Serikali inalipia, kwa waathirika wa Nyabwilima."

"Halafu linakwenda wapi?"

"Kwa mpokezi. Kuna watu wanajitolea, na wengine wanalipwa."

Holo alifikiri, vidole vyake vikicheza na ncha ya kanga.

"Kwa hiyo nitalala mimi, na mwenzangu ndiye atakayeamka usiku."

"Ndiyo. Ila yeye hakumjua Masele. Haitamuuma sana."

"Haitamuuma sana," Holo alirudia. "Basi hapana. Kama mkono ule utaonwa na mtu, auone anayejua ulimshika nani." Aliinuka, akafika mlangoni, akasimama. "Wanasema Ijumaa baba yako atavaa taji na hakuna kitakachosomeka. Wanasema ni msafi. Mimi sikusoma, lakini nauliza. Wewe ni mtoto wake na ni daktari wa vichwa. Je, ni msafi?"

Kashinje alitazama mikono yake juu ya meza.

"Ni msafi," alisema.

Halikuwa jibu la uongo, na ndiyo maana lilimchoma. Holo alishukuru kwa adabu, akaondoka.

Siku hiyo Kashinje hakuona mgonjwa mwingine. Alikaa na kumbukumbu ya baba yake kama mtu anayekaa na mgeni asiyeaga. Ndani yake alikuwemo Masele pia, ingawa kabla ya siku hiyo hakulijua jina lake. Baada ya kukata simu ya Shija, mzee alikuwa amefungua kamera ya bwawa kwenye kioo cha meza yake. Aliwaona wanaume wakihangaika kwenye pampu, na Shija katikati yao akipunga mikono. Aliwatazama kwa kitambo. Moyo wake ulikuwa ukipiga kwa hofu, na katika hofu ile kulikuwa na upendo kwa mwanawe, upendo mzito kiasi kwamba kila ulipomjia Kashinje alishikilia kitu asianguke. Kisha mzee alizima kioo, akawageukia wabia wake, akasema, "Tuendelee."

Angeweza kwenda mahakamani yeye mwenyewe. Angevaa taji kwa hiari yake, na kila kitu kingesomeka. Lakini nani angefungwa? Wangemchukua mzee anayelia mbele ya chai, wamtupe jela kwa jambo asilolijua, afe huko akiuliza kosa lake ni nini. Wafu wangepata nini kwa adhabu inayomwangukia mtu asiyeielewa? Na akinyamaza, Holo angeendelea kuuona ule mkono peke yake.

Kulikuwa na njia ya tatu. Angeweza kumrudishia mzee kilicho chake, naye achague. Hatari yake aliijua vizuri kuliko mtu yeyote nchini. Kumbukumbu ikitoka kwa mpokezi, haibaki kwake. Yanabaki maneno tu, kama mtu anayejua kwamba aliota lakini ndoto yenyewe haioni tena.

*

Alimkuta mzee chumbani kwa Shija, akikunja mashati ya marehemu na kuyapanga kitandani.

"Nataka tuyapeleke Nyabwilima," mzee alisema. "Kuna vijana kule hawana nguo."

"Baba, keti kwanza."

Aliketi. Kashinje alimweleza yote, isipokuwa tukio lenyewe. Alimweleza kwamba baada ya matanga mzee mwenyewe aliomba kutolewa mambo fulani, hata ombi lenyewe likang'oka nayo, na kwamba mpokezi ni binti yake. Mzee hakushangaa sana. Alijua kwamba kuna pengo. Mtu aliyetolewa kitu hukigusa pengo lake kama ulimi unavyogusa jino lililong'oka.

"Ni ya Shija?" aliuliza.

"Imo na ya Shija."

"Nilimfanyia nini mwanangu?"

Mzee alichukua shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Wakili Mutalemwa ananiambia kwamba Ijumaa nitatoka kifua mbele. Lakini hii miezi yote unanitazama kama mtu anayetazama kaburi. Nilidhani ni msiba." Alimtazama usoni. "Unachokibeba kinakuua?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi nirudishie. Si haki mtoto abebe mzigo wa baba yake."

"Ukikipata utatakiwa kuamua. Ijumaa taji litakisoma."

"Lisome. Kama nilimkosea Shija, nitasema mbele ya watu." Akamshika mkono. "Unadhani mimi ni mtu wa namna gani?"

Hilo ndilo lililomfanya Kashinje amwamini. Aliyesema maneno hayo aliyasema kwa moyo wote.

Waliingia hospitalini kwa mlango wa wafanyakazi. Vitanda viwili viliwekwa sambamba. Mashine ilipoanza, Kashinje aliisikia sauti ya Shija ikienda mbali, neno moja moja, kama mtu anayetembea kwenye ushoroba mrefu akizungumza bila kugeuka. Akatamani kumwita. Akatamani kuisimamisha mashine, abaki na sauti ile hata kama ilikuwa ya kilio, kwa sababu ilikuwa sauti ya mwisho ya kaka yake duniani. Hakuisimamisha. Kisha kukawa kimya.

Kwenye kitanda cha pili mzee alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyeungua. Alikaa muda mrefu amejikunja, akiwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa, uso wake ulikuwa umebadilika. Kashinje aliutambua. Ndio uso aliokuwa akiuona tangu utotoni, wa mtu anayeingia chumbani akiwa ameshajua nani atapewa nini.

"Alipiga," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Nilikata. Nilimwona kwenye kioo, nikazima." Aliteremsha miguu kutoka kitandani. "Mayu, naomba siku moja. Nilale nacho. Kesho nitakwenda kwa Mutalemwa, nimwambie nakiri."

Kashinje alimkubalia. Alimsindikiza hadi kwenye gari, akamfungia mlango, akamwambia ale kitu.

Kesho yake simu ya mzee haikupatikana. Keshokutwa yake dereva wake alikuja nyumbani kuchukua mavazi ya mahakamani, na Kashinje alimzuia getini.

"Mzee yuko wapi?"

Dereva alitazama chini. "Amerudi leo, dada. Yuko kwa wakili. Alisafiri usiku ule ule kwa ndege ya mbia wake. Nchi gani sikuambiwa. Alipokwenda alikuwa analia hawezi hata kufunga mkanda. Aliporudi alinisalimia vizuri, akaulizia watoto wangu. Kisha akaniuliza kama namkumbuka Shija, na kwa nini siku ile hakupiga simu."

Kashinje alimpisha. Mahali fulani duniani, katika mji asioujua, mtu aliyelipwa alikuwa anaamka na kilio cha Shija masikioni, asijue ni kilio cha nani wala cha nini. Huyo ndiye aliyebaki na kaka yake.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wajane na yatima wa Nyabwilima walikaa upande mmoja, wengi wakiwa na viatu vya wafu wao. Upande wa pili walikaa mawakili, ambao suti zao tu zilitosha kuonyesha nani kawalipa.

Wabia wawili walishasomwa na hakuna kilichopatikana; sasa Mzee Lugembe alivalishwa taji. Mwendesha mashtaka alimuuliza kuhusu kampuni za ughaibuni.

"Hakuna," alisema msomaji wa taji, binti aliyekaa mbele ya kioo chake.

Kuhusu nyumba ya mkaguzi.

"Hakuna."

Kuhusu onyo lolote la kupasuka kwa bwawa.

"Hakuna."

Kila mara mzee alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayetamani angekuwa na cha kuwasaidia. Ndipo Kashinje aliposimama akaomba kusikilizwa. Wakili Mutalemwa alipinga. Jaji, mwanamama mtulivu mwenye mvi, aliruhusu.

Alivaa taji lile lile, likiwa bado na joto la kichwa cha baba yake. Akasema yote. Alisema Shija alipiga simu na akajibiwa asubiri, na kwamba mzee aliwaona watu wa pampu kwenye kamera akazima kioo. Alisema fedha za ukuta zilikwenda wapi na nani walikaa mezani. Wajane walianza kuguna. Msomaji alisubiri hadi alipomaliza, kisha akasoma kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

"Maneno yapo, mheshimiwa. Matukio hayapo."

"Yalikuwepo," Kashinje alisema. "Nilikuwa mpokezi. Niliyarudisha kwa mwenyewe."

"Kwa nini uliyarudisha, daktari?" jaji aliuliza, na ilionekana anataka kweli kujua.

"Nilitaka aadhibiwe mtu anayejua kosa lake."

"Nakuelewa," jaji alisema. "Lakini sheria niliyopewa haiwezi kumtia mtu hatiani kwa maneno ya kusikia, wala kwa tukio ambalo halimo kichwani mwa yeyote aliye mbele yangu. Asiyekumbuka hana hatia. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mutalemwa aliinuka kutaka binti huyu ashtakiwe kwa kupoteza muda wa mahakama na kumchafua mteja wake. Lakini mzee alimvuta koti, akasimama mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtiririka, machozi ya kweli. Angevalishwa taji tena, lingesema hivyo hivyo.

"Mheshimiwa, naomba asifanywe chochote. Huyu ni mwanangu. Amefiwa na kaka yake, na msiba umemzidi. Hata mimi natafuta mtu wa kumlaumu." Akamgeukia Kashinje. "Mayu, mimi sina kinyongo. Nimekusamehe."

Kashinje angeweza kuyapokea matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Kwa hili hakuwa na pa kujishika.

Washtakiwa waliachiwa kabla ya adhuhuri.

Nje, gari la mzee lilisubiri mlango ukiwa wazi. Mzee mwenyewe alikuwa ameshikana mikono na wajane, akiwapa pole mmoja mmoja, na baadhi yao walilia begani kwake kwa sababu hawakuwa na bega jingine karibu. Kashinje alipita nyuma yao, akaenda kuketi kwenye ngazi za upande ambako hapakuwa na watu. Holo alimfuata. Aliketi karibu naye, akanyoosha miguu yake yenye viatu vikubwa.

"Ulisema aliwaona kwenye kamera," Holo alisema baadaye. "Watu wa pampu."

"Ndiyo."

"Masele wangu alikuwa upande gani? Alikuwa anafanya nini?"

Kashinje alifumba macho. Alijua kwamba kulikuwa na wanaume kwenye pampu. Alijua kwamba kwa miezi mingi aliwaona kila alipofumba macho, hata akawazoea, huyu aliyepiga magoti, yule aliyevua shati. Aliyajua hayo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Alitafuta, akatafuta tena.

"Sina, Mama," alisema. "Nilikuwa naye siku ile uliyokuja hospitalini. Nilikuwa naye, na sikukuambia. Sasa sina."

Holo alitikisa kichwa taratibu. Hakumlaani. Huko barabarani mzee aliita, "Kashinje, mwanangu, twende nyumbani," akangoja, akaita tena, kisha mlango wa gari ukafungwa, na gari likaondoka.

"Alikuwa mfupi," Holo alisema, akiangalia mbele. "Mfupi, na mweusi sana, na alikuwa na tabia ya kuimba vibaya akiwa anafanya kazi. Kama alikuwa kwenye pampu, alikuwa anaimba. Hilo nakuambia mimi."

Kashinje alimgeukia, akamsikiliza.